Kutoka fishi za Kasongo mpaka kompyuta za zoni: mtunza data hakai peke yake

Wana Maniema, wanafunzi na wenye lisanse, leo tuongee juu ya kazi moja isiyosifiwa: kutunza data. Wengi wanafikiri hii kazi ilifika na kompyuta, tena kutoka Kinshasa. Hapana. Historia yake iko hapa kwetu.

Miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi na waganga na wauguzi wa Kasongo kujenga senta za afya karibu na vijiji. Kompyuta hazikuwako. Kulikuwa fishi na rejista: nani amezaliwa, nani amechanjwa, nani amefariki.

Mwaka 1981, gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, likatoa utafiti juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Muangalie ulivyosainiwa: Kasongo Project Team. Ni jina la timu nzima, siyo la profesa mmoja. Timu iliona chanjo inapunguza vifo, lakini ikauliza kama faida hiyo inadumu mtoto akiendelea kukua. Mwaka 1995, Peter Aaby na wenzake wakarudi kwenye matokeo ya Kasongo, pamoja na ya nchi kama Senegal na Bangladesh. Wao wakasema chanjo inaokoa watoto wengi kuliko wale ambao surua peke yake ingewaua. Mabishano makubwa namna hii yaliwezekana sababu kuna watu walijaza fishi vizuri, na walikuwa wanaulizana.

Kasongo ikawa moja ya mifano ya zoni za afya. Miaka ya 1980, Zaire ikagawanywa katika zoni 306.

Leo tuko na zoni za Kabambare, Saramabila, Lusangi na zingine, na takwimu zinaingia katika programu DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Chini yake kunafanya kazi hifadhidata inayoitwa PostgreSQL. Ilianzishwa Berkeley, Marekani, mwaka 1986, na tangu 1996 inaendelezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Mtu yeyote anaweza kuonyesha kosa, kutafsiri, kufundisha. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko ndani ya mtandao wa DHIS2, na kule wanaongea Kiswahili chetu.

Sasa, kijana anayeingiza data peke yake huku kwetu, mashini ikikufa, nani atamwambia namna ya kurudisha kazi yake? Namba ikiandikwa vibaya, nani ataiona? Dawa na chanjo zinapangwa kwa namba hizo. Mimi wa agronomia najua: jirani wasipoulizana juu ya mbegu, mozaiki ya mihogo inapita shamba kwa shamba.

Ndugu zangu, tuanze na kidogo. Wanaotunza data Kabambare na Kasongo, wa afya, wa shule, wa kilimo, tukutane mara moja kwa mwezi. Kila mmoja alete shida moja na namna moja ya kutunza nakala. Halafu tujiunge na wenzetu wa Dar na wa mbali zaidi, tukiwa na maswali yetu mkononi.

Nani ataanza na sisi?