Kuotea na Sababu Yake

Waswahili walipotakiwa kulipa jina kosa la mchezaji anayesimama mbele, karibu na goli, akingojea apelekewe mpira, hawakuhangaika kutafuta neno la kigeni. Waliliita kuotea, neno lile lile la mwindaji aliyejibanza kichakani. Jina limebeba sababu ndani yake. Hata hivyo, ukiwauliza vijana wa hapa Mbebe, mkoani Songwe, ambao hugombana uwanjani jioni kwa ajili ya kuotea, kwa nini jambo hilo limekatazwa, aghalabu watakujibu kwamba ni sheria tu. Jibu hilo halimtoshi mwalimu. Ajuaye katazo asijue sababu yake hawezi kupambanua lini limevunjwa kwa kweli, na lini limevunjwa kwa jina tu.

Upo mchezo ambao ndani yake sababu hizi zaonekana wazi zaidi kuliko katika kandanda, kwa kuwa wenyewe wamebadili kanuni zao za kutoa pasi mara nyingi, na kila badiliko lina kisa chake. Nao ni mpira wa magongo wa juu ya barafu. Msomaji wa pwani asicheke. Najua barafu tuijuayo sisi ni ile ya kutiwa katika sharubati, lakini mchezo huu umekwisha kufika kwa jirani zetu. Nairobi, katika hoteli ya Panari, ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, na vijana wa Kenya waitwao Ice Lions hucheza hapo. Mwaka 2018 walialikwa Kanada, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali chini, na badala ya mpira wa duara hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu.

Mchezo ulipoanza kuchezwa ndani ya jengo, mjini Montreal, mwaka 1875, na kanuni zake zilipochapwa gazetini huko mwaka 1877, pasi ya mbele haikuwako kabisa. Aliyekuwa mbele ya kisahani alihesabiwa ameotea, popote alipokuwa. Fikra yao ilikuwa hii: mwenye kisahani na asonge mbele kwa ustadi wake, na wenziwe wamfuate nyuma au ubavuni, asipatikane mtu wa kuvuna asipolima. Fikra nzuri, lakini iliwafunga mikono washambuliaji. Walinzi walijua daima hatari inatoka wapi.

Wa kwanza kulegeza walikuwa ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, katika ligi yao ya pwani ya magharibi ya Kanada. Msimu wa 1913 na 1914 waliugawa uwanja kwa mistari ya buluu ukawa na sehemu tatu, wakaruhusu pasi ya mbele katika sehemu ya kati peke yake. Hapo ndipo naiona akili yao: hawakuuliza kama pasi ya mbele ni nzuri au mbaya, waliuliza ni mahali gani ina madhara. Karibu na goli ina madhara, katikati haina.

Ligi kubwa, NHL, iliwafuata kwa kusitasita. Msimu wa 1928 na 1929 magoli yalikuwa haba mno, hayafiki matatu kwa mchezo, timu zote mbili pamoja. Golikipa wa Montreal, George Hainsworth, alimaliza michezo 22 kati ya 44 bila ya kufungwa. Basi msimu uliofuata wakafungua mlango: pasi ya mbele ikaruhusiwa ndani ya kila sehemu, hata ile ya goli. Ikawaje? Washambuliaji wakatangulia kwenda kupiga kambi mbele ya golikipa, kisahani kikiwa bado kiko mbali. Ndiyo maana halisi ya kuotea! Msimu haujafika nusu, Desemba 1929, kanuni ikarekebishwa: mshambuliaji asiingie sehemu ya goli kabla ya kisahani. Kikishaingia, pasi ni huru. Huo ndio msingi mpaka leo.

Wajanja hawakosi njia. Timu iliyotangulia kwa bao ilianza kubutua: kisahani kinapigwa toka nyuma mpaka mwisho wa uwanja, muda unakwenda, watazamaji waliolipa kiingilio wanazomea. Mwaka 1931 timu ya New York Americans ilifanya hivyo mara 61 mjini Boston, ikashinda 3–2. Waliporudiana Januari, Boston walilipiza kwa kubutua mara 87, wakatoka bila kwa bila. Hata hivyo ilichukua mpaka mwaka 1937 kukataza. Tangu hapo abutuaye hurudishiwa mchezo karibu na goli lake mwenyewe. Lakini timu iliyopungukiwa na mchezaji kwa adhabu imepewa rukhsa ya kubutua, maana yeye anajiokoa, hapotezi muda wa watu. Kitendo ni kile kile, hukumu mbili.

Mstari mwekundu wa katikati ulizuka mwaka 1943, kwa shauri la Frank Boucher wa New York Rangers, kuwasaidia walinzi waliosongwa kwao watoe pasi hadi nusu ya uwanja. Kabla ya hapo pasi haikuweza kuvuka mstari wa buluu. Miaka ikapita, msaada ukageuka kuwa kizuizi: timu zikajipanga katikati kuwanasa wenye kutoka, zikijua pasi haiwezi kuruka mistari miwili. Shirikisho la dunia likaliondoa katazo hilo mwaka 1998, na NHL mwaka 2005, mwaka ule ule ulipofunguliwa uwanja wa Nairobi. Uwanja huo ni mdogo kuliko ule wa kanuni, na pasi ndefu iliyopiganiwa miaka yote hiyo haina pa kwenda; vijana wa Ice Lions wamejifunza kwanza kupeana kwa karibu.