Fedha za Askari na Maduka ya Ushirika katika Nyanza ya Kusini

Baada ya kusomewa hesabu za mwaka, twaona yafaa tuweke katika kijitabu hiki habari za maduka yaliyozaliwa na fedha za askari. Nchi tunayoisema ni ile iliyoitwa Nyanza ya Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori.

Vita vya kwanza vilitufikia mlangoni. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Kisha vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi. Wengi hawakurudi, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Damu ililipwa, fedha hazikulipwa.

Katika vita vya 1939 hadi 1945 Waafrika wa Kenya zaidi ya 90,000 waliingia jeshini. Walifika Ethiopia, Madagaska na Burma. Huko ng'ambo askari hakujifunza bunduki peke yake. Alijifunza pia kuweka akiba, na aliona jinsi kantini inavyoendeshwa.

Asili ya kantini hizo ni ushirika. Zamani askari wa Uingereza waliuziwa vyakula vibovu kwa bei kali na wachuuzi wa kambini. Mwaka 1894 maofisa watatu walianzisha chama cha ushirika cha kantini, ili faida iwarudie wanunuzi wenyewe. Mwaka 1921 shirika la NAAFI lilianza kazi hiyo kwa majeshi yote ya Uingereza. Kenya ilipopata uhuru, jeshi lake nalo likawa na shirika lake la kantini, AFCO, ambalo sasa huitwa DEFCO.

Askari wetu waliporudi, wengi walitaka kufungua duka. Wengine walifundishwa biashara katika Jeanes School, Kabete. Sheria ya ushirika ya mwaka 1945 nayo ilifungua njia kwa vyama vya Waafrika. Lakini maduka mengi ya mtu mmoja mmoja hayakudumu. Yalisongamana katika soko moja, yakiuza sukari ile ile, sabuni ile ile na chumvi ile ile. Bidhaa za jumla zilikuwa mikononi mwa wengine. Mkopo nao ulikuwa mgumu, kwa kuwa sheria ya mwaka 1948 ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani deni lipitalo shilingi 200, ila kwa kibali. Tena jamaa walichukua vitu kwa ahadi, na mwenye duka aliona haya kuwadai.

Dawa iliyotafutwa ilikuwa kuunganisha mitaji. Mwaka 1947 Bwana Oginga Odinga na wenzake waliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation. Kwa sheria ilikuwa kampuni, wala si chama cha ushirika, lakini nia yake ilikuwa hiyo hiyo: haba na haba hujaza kibaba. Hisa ziliuzwa kwa Wajaluo popote walipokaa, hata Uganda na Tanganyika, na kwa fedha hizo jumba la Ramogi likajengwa Kisumu.

Basi twapata funzo gani? Kantini ya askari ilisimama kwa mambo matatu: ilinunua kwa wingi, iliuza kwa fedha taslimu, na hesabu zake zilikaguliwa. Duka la askari aliyerudi lilikosa yote matatu, ingawa mwenyewe alikuwa shujaa. Ushujaa haukaguliwi, daftari hukaguliwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twawasihi wanachama, tunapoomba risiti au kukataa kukopesha mtu fedha za chama, hata akiwa mzee wetu, msidhani twakosa heshima. Twailinda akiba ya watu wote, isije ikapotea kama mishahara ya wale wapagazi.