Tumaini na amani wakati wa shida: tunachojifunza kutoka Mbeya na Iringa

Mwezi wa pili na wa tatu ni miezi migumu katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini. Mahindi ya mwaka jana yamebaki madebe machache, ya mwaka huu bado yako shambani, na mtoto amekwenda shule kwa pesa ya kukopa. Akitokea mgonjwa nyumbani, au msiba, mzigo unazidi.

Wakati kama huo mtu husikia mara nyingi: "Mtumaini Mungu." Neno hilo humtia mmoja nguvu, na mwingine humwacha akijiuliza atumaini vipi wakati hali haibadiliki. Katika makala hii tunaeleza Wakristo wanaelewa nini wanaposema tumaini na amani, na jinsi waumini wa Mbeya na Iringa walivyoyashika mambo hayo katika shida za kweli.

Biblia inasema nini juu ya shida

Wengine hudhani kwamba mwenye imani hapaswi kulia. Biblia haisemi hivyo. Zaburi nyingi ni malalamiko ya watu waliochoka, na Zaburi ya 88 inaisha mwandishi akiwa bado gizani. Yesu mwenyewe alihuzunika sana Gethsemane usiku ule wa kukamatwa. Kwa hiyo kulia mbele za Mungu ni sehemu ya sala.

Amani nayo haina maana kwamba matatizo yameondoka. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi juu ya amani ya Mungu akiwa kifungoni.

Mfano ulio karibu zaidi na mkulima uko katika Yeremia sura ya 29. Nabii aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli wajenge nyumba, walime bustani, waoe na kuolewa, na wautakie mema mji ule. Aliwaonya pia wasiwasikilize manabii waliowaahidi kurudi upesi, maana ingechukua miaka 70. Tumaini la namna hiyo linakubali kusubiri, na wakati wa kusubiri linashika jembe.

Rungwe wakati wa vita

Wamisionari Wamoraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Miaka 25 baadaye vita vikuu vya kwanza vilifika huku. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa.

Waumini wakabaki bila wachungaji wao. Wanaume wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, chakula kikapungua, na mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani ikafika Afrika Mashariki. Wengi wangeweza kudhani kwamba imani hiyo changa ingekufa.

Haikufa. Walimu na wazee wa kanisa, wenyeji wa hapa, waliendelea kukusanya watu, kusoma Neno, kuwafundisha watoto na kuzika wafu. Baadaye wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia walisaidia, na Wajerumani wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Lakini katika miaka ile migumu zaidi, kanisa lilibebwa na watu wa vijijini wenyewe.

Neno la siku na alfajiri ya Pasaka

Wamoraviani wana desturi mbili zilizoanzia Herrnhut, kijiji cha Ujerumani kilichojengwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia.

Ya kwanza ni neno la siku. Mwaka 1728 walianza kupeana mstari mmoja wa Biblia wa kushika kila siku, na kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapishwa kwa ajili ya mwaka 1731. Leo kinatoka katika lugha zaidi ya 50, Kiswahili kikiwemo. Mtu aliyelemewa mara nyingi hana nguvu ya kusoma sura nzima, lakini mstari mmoja anaweza kwenda nao shambani.

Ya pili ni ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, iliyoanza mwaka 1732. Waumini hukusanyika kabla ya jua kuchomoza, huimba kati ya makaburi ya ndugu zao, na kukiri kwamba Kristo amefufuka. Kwa mjane au mzazi aliyezika mtoto, hapo ndipo tumaini la Kikristo linaposemwa waziwazi: kaburi ni kweli, lakini si mwisho.

Kubebana

Katika Kanisa Katoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa maisha ya kanisa. Familia za jirani hukutana nyumba kwa nyumba, husoma Injili na kuulizana hali. Makanisa mengine yana vikundi vya namna hiyo, pamoja na umoja wa akina mama na kwaya.

Faida yake huonekana siku ya shida. Mgonjwa anapata wa kumteka maji, aliyefiwa anapata watu wa kulala naye matanga, na shamba la mjane linapaliliwa. Mara nyingi amani humfikia mtu kupitia mikono ya jirani.

Mjini Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts mwaka 2003. Ilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Tangu hapo watu wengi wenye ulemavu wamepata ujuzi na kipato hapo. Kwa mtu aliyezoea kuonekana mzigo, mshahara wake mwenyewe ni tumaini analolishika mkononi.

Imani na dawa

Mikoa hii imeumizwa sana na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 mkoani Iringa, takribani 11 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na Mbeya zaidi ya 9, wakati kwa taifa zima walikuwa karibu 5. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na watu wengi waliokuwa wamelala kitandani wakarudi shambani.

Hapa tuseme wazi. Mtu akikuambia kwamba umeshaombewa, hivyo uache dawa, usimfuate. Virusi huongezeka tena dawa zikikatwa, na vinaweza kuwa sugu. Makanisa yenyewe yamejenga hospitali katika nyanda hizi, kwa sababu kwao kuomba na kutibu vinakwenda pamoja. Mwulize pia anayekudai pesa kabla ya kukuombea: je, angemwambia hivyo mama asiye na kitu?

Ukiwa katikati ya shida leo

- Sema ukweli katika sala yako. Kama una hasira au hofu, itaje.
- Shika mstari mmoja kwa siku. Kama husomi, mwombe mtoto akusomee.
- Mweleze mtu mmoja unayemwamini kabla mzigo haujazidi: mchungaji, katekista, mzee wa kanisa au rafiki.
- Usijitenge na jumuiya kwa sababu huna sadaka au nguo nzuri.
- Ukikosa usingizi kwa majuma, au ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda kituo cha afya bila kuchelewa, na usibaki peke yako. Huo si upungufu wa imani.
- Fanya kazi ndogo iliyo mbele yako: palilia tuta moja, panda mboga karibu na nyumba.

Na kama mwaka huu wewe uko salama, tazama nyumba ya jirani ambayo jikoni kwake hakujafuka moshi. Huenda leo wewe ndiye jibu la sala yake.