Meza ya Wanafunzi wa Halle

Mwaka 1692 August Hermann Francke alifika Halle, mji wa Ujerumani, akiwa na kazi mbili. Alikuwa mwalimu katika chuo kikuu kilichokuwa kikianzishwa, na pia mchungaji wa Glaucha, kitongoji kilicho nje ya kuta za mji. Miaka kumi hivi kabla yake, tauni ilikuwa imeua watu wengi wa Glaucha. Vilabu vya pombe vilikuwa vingi, na watoto walikuja mlangoni kwa mchungaji kuomba mkate.

Mwaka 1695 mtu mmoja alitia taleri 4 na groshi 16 katika sanduku la sadaka ya maskini nyumbani kwa Francke. Francke hakuzigawa. Alinunua vitabu, akamwajiri mwanafunzi maskini wa chuo kikuu awafundishe watoto hao kila siku. Hapo ndipo shule zake zilipoanzia, na mwaka 1698 ukawekwa msingi wa nyumba kubwa ya yatima.

Tukiisoma habari hii haraka tutamsifu mtoaji na kumsahau mwanafunzi. Wengi wa wanafunzi wa Halle hawakuwa na fedha za chakula. Francke akawawekea meza: waliokula hapo waliwafundisha watoto kwa saa zilizopangwa, chini ya msimamizi. Alipofariki mwaka 1727, shule zake zilikuwa na watoto zaidi ya 2,000, na wengi wa walimu wao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu.

Utaratibu huo uliingia hata katika tiba. Nyumba ya yatima ilikuwa na duka lake la dawa, na mapato yake yalisaidia kuendesha kazi. Baadaye daktari Johann Juncker aliwatibu maskini bila malipo, huku wanafunzi wa udaktari wakiwa kando yake. Walijifunza kwa mgonjwa mwenyewe, jambo lililokuwa geni katika vyuo vya Ujerumani wakati ule. Tuseme ukweli: maskini alipata dawa, lakini pia alikuwa somo. Kinga yake ilikuwa daktari mzoefu aliyesimamia, na kazi iliyoendelea mwaka hadi mwaka.

Kutoka Halle huduma ilivuka bahari. Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliosoma huko, walifika Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1706. Mwaka 1730 akafuata daktari, Caspar Gottlieb Schlegelmilch, aliyefariki muda mfupi baada ya kufika. Katika karne ya 19 kazi ya Tranquebar ilirithiwa na Misioni ya Leipzig, na Misioni hiyohiyo ndiyo iliyotuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa hiyo meza ile ya Halle haiko mbali nasi.

Leo wanafunzi wa vyuo vyetu hujiunga na vikundi vya kujitolea. Hupima shinikizo la damu vijijini, hufundisha usafi wa maji, hutembelea vituo vya yatima. Ni kazi njema. Lakini mara nyingi huja Jumamosi moja, picha hupigwa, kisha wenyeji hubaki na vipimo wasivyojua wavipeleke wapi. Msamaria katika Luka 10 hakufunga majeraha tu. Alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kupita tena.

Lawama hii haiwahusu vijana peke yao. Sisi washarika tunawaomba wajitolee, lakini hatuulizi wamekula nini siku ambazo mkopo umechelewa. Francke aliona kwamba mtoto asiye na mwalimu na mwanafunzi asiye na chakula walikuwa wakiishi katika mji mmoja, akawakutanisha. Usharika ulio karibu na chuo unaweza kuanza hivyohivyo: chakula cha mchana kwa wanafunzi wachache, muuguzi mstaafu wa kuwasimamia, na mtaa mmoja ambao watarudi kila wiki. Taleri 4 zilitosha kuanzia.