Mahari, Ng'ombe na Mpira: Binti Mhamiaji wa Filamu za Ucheshi Akitazamwa kutoka Rungwe

Gurinder Chadha, mwongozaji wa Bend It Like Beckham (2002), alizaliwa Nairobi mwaka 1960 katika familia ya Kipunjabi, akahamia Uingereza angali mtoto mdogo. Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair inaanzia Kampala mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Filamu hizi mbili zilichangia sana kuujenga utanzu wa filamu nyepesi za binti mhamiaji anayekaidi matakwa ya wazazi, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa za Uingereza na za Marekani. Uainishaji huo unaruka kituo kimoja cha safari. Wazazi wanaodhaniwa kubeba mila moja kwa moja kutoka India walikuwa wameishi Afrika Mashariki, na hapo ndipo walipoipata na kuipoteza hadhi wanayoitetea mbele ya binti zao.

Ushahidi umo katika filamu zenyewe. Baba yake Jess, msichana wa Hounslow anayetaka kucheza mpira wa miguu, alikuwa mrushaji hodari wa mpira wa kriketi Nairobi. Alipofika Uingereza timu zilimkataa na kilemba chake kikachekwa. Anapomzuia binti yake asicheze, hanukuu mafundisho ya dini, anakumbuka fedheha. Jay naye, wakili wa Kampala aliyeishia Mississippi, anapinga uhusiano wa binti yake Mina na Demetrius, Mmarekani mweusi, huku bado anaidai serikali ya Uganda mali yake. Wahakiki wanaozisoma filamu hizi kama mgongano wa mila na usasa huchukulia kwamba mila ilikuwako tayari, imekunjwa sandukuni. (Maneno yenyewe yana historia ya safari: mila limetoka Kiarabu, desturi limetoka Kiajemi, na Wapunjabi wanalo hilo la pili pia.)

Wilaya ya Rungwe inafaa kuwa mahali pa kulinganishia, kwa sababu uhusiano wa binti, ukoo na mali uliandikwa huko kwa kina muda mrefu kabla ya filamu hizo. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, Tukuyu ikiwa makao ya utawala wa Waingereza, na Rungwe ya wakati huo ilijumuisha pia Kyela ya leo. Kitabu chake, Good Company (1951), hukumbukwa zaidi kwa vijiji vya marika: wavulana waliondoka kwa baba zao wakiwa bado wadogo, wakajenga kijiji chao pamoja na wenzao. Kuhama kwa mvulana kulikuwa ni utaratibu. Msichana alibaki kwa wazazi hadi alipoolewa; mara nyingi alikuwa amekwisha kuposwa kabla ya kubalehe, na safari yake ilikuwa moja tu, ya kwenda kwa mume, ikifungamana na ng'ombe waliokwenda upande wa pili.

Ng'ombe hao hawakukaa zizini. Aghalabu walitumika kumwolea kaka yake, au baba aliongeza mke kwao. Kwa hiyo binti aliyemkimbia mume hakuvunja ndoa moja. Ng'ombe walitakiwa warudi, nao walikuwa wamekwisha kuwa mke wa mtu mwingine. Baba aliyemsihi binti arejee kwa mumewe huenda alimpenda sana; lakini pia alikuwa na deni. Katika miaka hiyohiyo vijana wa kiume walikuwa wakienda kutafuta mishahara kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na fedha hizo zilibadili mahesabu ya nani awezaye kuoa na lini.

Tukirejea Hounslow tukiwa na picha hiyo, tukio moja linaloonekana kuwa la kuchekesha tu linapata uzito. Wazazi wa mchumba wa Pinky, dada yake Jess, wanadhani wamemwona Jess akibusiana na mvulana kituoni. Kumbe ni Jules, msichana mwenzake wa timu. Harusi ya Pinky inavunjwa. Kosa la mmoja linalipwa na ndoa ya ndugu yake, sawasawa na Rungwe, isipokuwa kwamba kinachozunguka hapa ni jina jema, si ng'ombe. Filamu inakiona kiungo hicho, kisha inakiacha haraka: harusi inarudishwa, baba anamruhusu Jess aondoke katikati ya sherehe akacheze fainali, na ukaidi unageuka kuwa utii wenye ruhusa. Ucheshi unahitaji mwisho wa namna hiyo, na mwisho huo unawezekana kwa kuwa hakuna mtu anayedai kurudishiwa kitu kinachohesabika.

Hapa Kiswahili kinaleta tatizo lake. Neno mahari limetokana na Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu ni haki ya mke mwenyewe. Ng'ombe wa Rungwe walikwenda kwa baba. Mali ya ndoa ya Kipunjabi mara nyingi hutoka upande wa binti kwenda kwa mume. Mielekeo mitatu tofauti hujikuta chini ya neno moja. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayosema kwamba ndoa haibatiliki kwa kutotimiza desturi za mahari, ilitumia neno la Kiingereza ambalo maana yake ya kawaida ni mali itokayo kwa wazazi wa mke.

Swali hili si la wanasheria peke yao. Wasimuliaji wa filamu za kigeni katika vibanda vya video nchini Tanzania, wakiwa na watangulizi mashuhuri kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, hutafsiri papo hapo na kuongeza maelezo yao. Msimuliaji anayefika kwenye harusi ya Pinky na kusema mahari, mbele ya mtazamaji wa Tukuyu, amekwisha kumwambia nani anamdai nani. Akiliacha neno hilo, itambidi aeleze kwa njia nyingine kwa nini mama analia.