Ndege wa Manjano wa Nakuru

Ukifika kando ya Ziwa Nakuru mwezi wa Oktoba, msomaji, utaona miguuni pa nyati ndege mdogo atikisaye mkia wake bila kuchoka. Kifua chake ni cha manjano hafifu, mithili ya nguo iliyofuliwa mara nyingi. Rudi mwezi wa Machi, umtazame dume tena. Kifua sasa chang'aa kama ua la alizeti. Huyo ndiye kiluwiluji wa manjano. Kwa kawaida uzito wake haufiki gramu 20, naye huzaa Ulaya na Asia, kisha huja kwetu kuikimbia baridi.

Huko Ulaya, miti inapochipua majani, wapenzi wa ndege humngojea na kamera zao, wakimsifu kuwa ni ndege wa majira yao. Ni kweli, lakini nguo anayopigiwa picha ilishonwa huku. Manyoya yale mapya huyaota Afrika, kati ya Januari na Machi, kabla ya kuondoka.

Hapo kale watu wa Ulaya hawakujua ndege wao waendako. Aristotle, mwanachuoni wa Wayunani, aliandika kwamba mbayuwayu hujificha katika mashimo. Mwaka 1822 karibu na Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingo, naye alikuwa ameruka nao safari yote hiyo. Jina la aliyeurusha mkuki ule halikuandikwa popote, ingawa yeye ndiye aliyewapelekea ushahidi! Mwaka 1899 Mortensen, mwalimu wa Denmark, akaanza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba, na njia zao zikaanza kujulikana.

Kupiga picha za ndege nako kulikuwa kazi ngumu. Waingereza wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892. Baadaye walijificha hata ndani ya ng'ombe wa bandia ili ndege wasiwaogope. Cherry alifika Kenya mwaka 1909. Lakini sahani za kioo za siku zile hazikuihisi rangi ya manjano ipasavyo. Kitu cha manjano kilitoka cheusicheusi. Basi picha ya ndege wetu ingalificha kile kile kinachompendeza mtazamaji. Mwaka 1907 ndugu wawili Wafaransa, Lumière, waliuza sahani za rangi zilizotengenezwa kwa chembe za wanga wa viazi. Zilitaka kitu kitulie kwa sekunde kadhaa. Ua laweza, kiluwiluji, je? Hapana budi alisubiri filamu ya Kodachrome, iliyotokea mwaka 1935, na nyingine zilizofuata, zenye kasi zaidi.

Mwaka 1968 Ziwa Nakuru likafanywa mbuga ya taifa. Wapiga picha wakamiminika kutoka pande zote za dunia, wakaelekeza kamera zao kwa heroe waliolifunika ziwa kwa rangi ya waridi. Siwalaumu. Lakini wengi walipitisha macho juu ya kichwa cha yule mdogo aliyekuwa nyasini mbele yao.

Na kichwa hicho kina habari. Chunguza kundi moja mwezi wa Machi: dume mwenye kichwa cha kijivu cha samawati ni wa Ulaya ya kati, mwenye kichwa cheusi kabisa ni wa nchi za Balkani na Uturuki, mwenye kichwa cha manjano ni wa nyika za Urusi na Kazakhstan. Mzungu atakaye picha za hao wote katika nchi wanamozaa hana budi kusafiri maelfu ya kilomita. Wewe wawapata katika malisho mamoja.

Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda, yakafunika majani mengi ya ufukoni na hata lango la zamani la mbuga. Kwa hiyo mtafute pia nje ya mbuga, katika malisho ya ng'ombe. Nenda asubuhi, jua likiwa nyuma yako. Usimfukuze. Keti chini mbele ya ng'ombe wanaokula, ungoje. Kwato zao huwafurusha wadudu, naye huwafuata, mpaka ng'ombe wamlete karibu nawe. Ukikawia hadi mwanzo wa Mei, utawakuta ng'ombe peke yao.