Dadu, Bweni na Kicheko: Habari za Filamu ya The Gamers

Katika filamu fupi iitwayo The Gamers, iliyotoka Marekani mwaka 2002, yumo msafiri mmoja aitwaye Mark the Red, ambaye huandamana na wenzake njiani pasipo kunena neno wala kuinua silaha, macho yameganda mbele mithili ya mtu aliyelala hali amesimama. Na wenzake hawamstaajabii hata kidogo, kwa kuwa kijana aliyepasa kumsemea hakuhudhuria mchezo usiku ule, na mtu wa kubuni asiye na wa kumsemea hana hiari ila kusimama. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka hata nikashika mbavu, na siku ya pili yake nikairudia filamu yote. Na kila niitazamapo huzidi kuamini kwamba dakika zake 48 zimeueleza mchezo huu kwa haki kuliko mengi yaliyosemwa juu yake zamani.

Mchezo wenyewe, kwa msomaji asiyeujua, ni hikaya inayosimuliwa na watu kadhaa walioketi meza moja. Mmoja wao ndiye msimulizi na kadhi wa kanuni. Waliobaki kila mmoja amejitwalia nafsi ya kubuni, huyu shujaa, yule mwizi, yule mchawi, naye hutangaza kwa kinywa chake lile atakalo kutenda, na jambo likiwa na shaka dadu hutupwa, nayo ndiyo hukata shauri. Wazee wetu walipofungua ngano kwa paukwa, wasikilizaji waliitikia pakawa kisha wakanyamaza wasikie. Hapa mwitikiaji hanyamazi, bali humpokonya mtambaji hadithi yake katikati na kuipeleka asikokusudia, na raha yote ya mchezo, pamoja na ugomvi wake wote, hutoka humo.

Asili yake ni vita. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, afisa wa jeshi la Prussia, alitoa kanuni za mchezo wa ramani, vipande na dadu ambao maofisa walijifunzia uongozi wa mapigano mbele ya mwamuzi. Na michezo mingi iliyofuata mkondo huo ilihesabu vikosi, haikuhesabu nafsi. Ndipo mwaka 1969 David Wesely, katika jimbo la Minnesota, alipompa kila mchezaji mtu mmoja badala ya jeshi zima, ndani ya mji wa kubuni wa zama za Napoleon; mwenzake Dave Arneson akaitwaa fikra hiyo akaihamishia katika nchi ya ngome na mahandaki aliyoiita Blackmoor; naye Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, ambaye mwaka 1971 alikuwa amekwisha kushiriki kutunga kanuni za vita vya zama za kati, akaungana na Arneson hata ukapatikana mchezo wa Dungeons & Dragons, mwaka 1974. Ulikuwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 tu, kwa bei ya dola 10.

Haikupita miaka mingi hofu ikaingia. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu katika jimbo la Michigan alitoweka, ikaenea dhana kwamba amepotelea katika mahandaki ya chuo akiucheza mchezo huu. Na ingawa dhana hiyo haikuwa kweli, haikufutika. Mwaka 1981 Rona Jaffe alitoa riwaya ya Mazes and Monsters, na mwaka uliofuata ikafanywa filamu ya televisheni ambamo Tom Hanks, angali kijana, aliigiza mchezaji anayerukwa na akili. Wako wazazi na wahubiri waliouita mchezo mlango wa ushetani. Nalisema hili kwa majonzi, maana vijana waliokuwa wakikesha juu ya karatasi, penseli na soda, wakijifunza kusema mbele za watu na kushauriana, walitazamwa na majirani kama wagonjwa au waasi, na aghalabu sinema haikuwasaidia.

Lakini walioitengeneza The Gamers, Matt Vancil na wenzake wa kundi la Dead Gentlemen, lililozaliwa miongoni mwa wanafunzi wa Pacific Lutheran University karibu na Tacoma, jimbo la Washington, walikuwa wachezaji wenyewe, na ujuzi huo ndio uliokuwa mtaji wao, kwani ukwasi hawakuwa nao. Walichukua kamera ya video, mavazi ya kuigizia nafsi za kale, msitu, na chumba cha bweni ambako jirani anayetaka kusoma anakerwa na makelele ya wachezaji. Kisha wakaweka sharti moja ambalo kwangu ndilo johari ya kazi nzima: kila lisemwalo mezani huonekana papo hapo kuwa tendo katika nchi ya hadithi, kwa sura zile zile za vijana wale wale, bila kupunguzwa wala kupambwa. Mwizi akitangaza kwamba anamwibia mtu suruali aliyoivaa, na dadu ikamkubalia, suruali huondoka na mwenyewe hana habari. Mwizi huyo huyo, kwa kuwa kanuni humzidishia nguvu apigaye kwa siri kutoka nyuma, hutafuta silaha kubwa kuliko zote, akaja na mtambo mzima wa kurushia mishale ubomoao maboma. Na mwenye kuijua meza hucheka mara mbili, kwanza kwa ajabu ya tendo, pili kwa kukumbuka rafiki yake mwenyewe aliyewahi kubishana saa nzima kwamba kanuni hazikukataza.

Filamu ya pili, Dorkness Rising, ilitoka mwaka 2008, ndefu zaidi na yenye huruma zaidi. Humo mwanamume mmoja amejichagulia nafsi ya mchawi wa kike, nasi twamwona mwanamke kwenye kioo, ila kila mwenyewe anaposahau nafsi aliyoitwaa, mwanamke hutoweka na mwanamume husimama mahali pake. Yumo pia malenga aitwaye Flynn, afaye mara nyingi mno, na kila afapo mchezaji wake humleta mwingine mfano wake, hata maiti zikawa chungu, na wenzake wakajikinga nyuma ya chungu hiyo vitani. Lakini nimpendaye ni Joanna, mgeni mezani, ambaye hakuja na mazoea ya wenzake ya kuhesabu faida ya kila pigo, akauliza mtu wake ni nani na ataka nini. Na kwa swali hilo aliwafundisha wakongwe mchezo wao.

Mwaka 2012 watengenezaji waliomba hiba kwa watazamaji kupitia tovuti ya Kickstarter, wakapewa zaidi ya dola 400,000, na mwaka uliofuata ikatoka filamu ya tatu, Hands of Fate. Gygax alikuwa amefariki Machi 2008, hakuiona. Lakini kisa cha filamu hiyo hutukia Gen Con, mkutano wa wachezaji ambao yeye mwenyewe aliuanzisha Lake Geneva mwaka 1968.